Kinanda cha Vitufe cha Fundi Eliona

Kibanda changu cha ushonaji na kibanda cha Eliona Mmari vinagawana ukuta mmoja wa mbao hapa Pasua, Moshi. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza, mengine niliyaona, mengine niliyasikia kupitia zile mbao, na yaliyobaki alinisimulia mwenyewe baadaye.

Eliona ni mwanamke wa Machame, Mlutheri, ana miaka arobaini na mmoja. Anatengeneza redio, amplifaya, pasi, feni, chochote chenye waya. Kabla ya hapo, kwa miaka sita, alizunguka kwenye mabaa ya Moshi na vijiji vya tambarare akitengeneza mashine za bonanza, zile za kamari ambazo mtu anatumbukiza sarafu, anabonyeza vitufe vya rangi, anasubiri taa zizunguke. Kazi ile aliiacha mwenyewe. Siku moja aliitwa kwenye baa kutengeneza mashine iliyogoma, akamkuta shemeji yake amekaa mbele ya mashine hiyo tangu asubuhi, anasubiri iwashwe tena. Aliiwasha. Halafu akarudisha funguo za kampuni, akaja kupanga hapa.

Mwalimu Basili Massawe alikuja mwaka juzi, mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshuka mpaka mjini. Alikuwa mwalimu wa kwaya kule Kibosho na mpiga kinanda wa parokia yao kwa zaidi ya miaka ishirini. Alishuka kwenye bodaboda amevaa koti zuri, mkono wa kulia mfukoni, na dereva akamshushia kinanda kilichofungwa blanketi.

“Shikamoo, baba,” Eliona alisema.

“Marahaba. Wewe ndiye fundi?”

“Ndiye mimi. Kinanda kina shida gani?”

“Kinanda ni kizima,” alisema. “Kibovu ni mkono.”

Akautoa mfukoni. Mashine ya kukatia majani ya ng’ombe ilikuwa imechukua vidole vitatu vya katikati. Kilibaki kidole gumba na kile kidogo cha mwisho, na kovu jekundu katikati yao. Mimi niliangalia pembeni, nasema kweli. Eliona aliushika ule mkono, akaugeuza juu chini kama anavyogeuza redio ya mteja.

“Gumba linasukuma kwa nguvu?”

“Linasukuma.”

“Na hiki kidogo? Na hapa pembeni mwa kiganja, ukigonga meza, unaumia?”

“Siumii. Lakini kwenye kinanda nikigonga hivyo nakanyaga noti tano kwa mkupuo.”

“Kwa sababu vibonyezo vyake ni vyembamba na vimebanana,” Eliona alisema. “Vilitengenezwa kwa mtu mwenye vidole kumi. Tutengeneze vya kwako.”

Nakumbuka mwalimu alicheka, kicheko cha mtu asiyeamini. Lakini hakuondoka. Alikaa kwenye stuli mpaka adhuhuri, Eliona akimchorea.

Wazo lenyewe lilikuwa hivi. Mkono wa kushoto ungebaki kwenye kinanda kama kawaida. Mkono wa kulia ungepewa kisanduku chenye vitufe vikubwa vya mviringo, vilivyoachana, ambavyo mtu anaweza kuvigonga hata kwa kiganja. Kisanduku hicho chenyewe hakina sauti. Ukibonyeza kitufe, bodi ndogo iliyomo ndani inaiambia kompyuta: noti hii imepigwa, noti hii imeachiwa. Kompyuta ndiyo inayotoa mlio. Wanamuziki wanaiita lugha hiyo midi, na Eliona alikuwa hajawahi kuigusa. Aliisoma kwenye simu kwa wiki tatu, akiandika kwenye daftari.

Vitufe alijua pa kuvipata. Kule Kahe kuna baa iliyofungwa, na mashine tatu za bonanza zilizokufa zilikuwa zimeachwa kwenye banda la uani, kuku wanalala juu yake. Mwenye baa alifurahi kuondolewa uchafu. Eliona alirudi na vitufe ishirini na vinne kwenye ndoo, vyekundu, vya njano na vya kijani, vimejaa mavi ya kuku, akicheka njia nzima kwa jinsi jogoo mmoja alivyokataa kushuka kwenye mashine mpaka akaifungua huku jogoo amekaa juu. Nilimsaidia kuvisugua kwa mswaki wa zamani.

Sanduku lilitengenezwa kwa mbao ya mti wa mringaringa kutoka kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yake Eliona. Kazi ilichukua miezi tisa. Mara ya kwanza mwalimu alibonyeza kitufe kimoja, noti ikalia mara mbili. Eliona alieleza kwamba ndani ya kitufe kuna kibati kinachodunda kidogo kinapogusana, na bodi inahesabu kila mdundo, basi akaiandikia programu ya kusubiri kitambo kidogo kabla ya kuamini. Mara ya pili, akibonyeza vitufe vitatu, cha nne ambacho hakikuguswa kinalia chenyewe. Siku nne nzima nilisikia kupitia ukuta akilumbana na ile noti isiyo na mwenyewe. Mwishoni akafungua bodi mbovu za redio, akang’oa daiodi ishirini na nne, vile vipande vidogo vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, akachomea kimoja kwa kila kitufe. Noti ile ikanyamaza.

Halafu mwalimu akalalamika kwamba noti zote zinapiga kelele sawasawa, hakuna ya kunong’ona. Vitufe vya aina ile havijui umegonga kwa nguvu au kwa upole. Eliona akachukua kizungushio cha volyumu cha redio iliyokufa, akakifunga chini ya kanyagio la mbao, na mwalimu akajifunza kupandisha na kushusha sauti kwa mguu. Vitufe sita vya pembeni vilipewa kazi ya kutoa noti tatu kwa pamoja, ili kiganja kimoja kifanye kazi ya vidole vilivyokwenda.

Mambo ya malipo waliyamaliza wenyewe, na hayahusiani na kisa hiki. Ninachotaka mjue ni jinsi walivyokuwa. Mwalimu alishuka kutoka Kibosho kila Jumanne na Ijumaa. Alileta ndizi, parachichi, maziwa ya ng’ombe wa mkewe, Juliana. Eliona aliacha kumwita baba, akawa anamwita mwalimu, naye akamwita dada Eliona. Siku kipande cha kwanza kilipotoka bila kosa, wimbo wa kumsifu Mungu ambao hata sisi Walutheri, mimi na Eliona, tunauimba, mwalimu alilia mbele yetu bila kuficha uso. “Aika, dada,” alisema, yaani asante kwa Kichaga. “Aika sana.” Eliona naye alilia. Siku ile nilishona suruali vibaya, mguu mmoja ukawa mrefu.

Mwalimu alianza kupiga kanisani Pasaka ya mwaka jana. Baada ya hapo akaja na ombi.

“Dada, nieleze hiki kitu kinavyofanya kazi. Chote. Nikikwama juu kule, nijue pa kuanzia.”

Eliona alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Wateja wengi wanataka kitu kiwake tu. Huyu alitaka kujua. Kwa wiki mbili alimfundisha: daiodi inakaa wapi na kwa nini, programu inasoma nini, kwa nini kitufe kinasubiri. Alimsimulia na habari za Kahe, mpaka za yule jogoo. Na mwisho akampa daftari lenyewe, lenye michoro yote kwa mkono wake, jina lake likiwa limeandikwa kwenye jalada.

“Chukua,” alimwambia. “Mimi ninayo kichwani.”

Mwezi wa nane mwalimu alipiga simu kusema hatakuja wiki hiyo, anakwenda Arusha hospitali kuangaliwa mkono. Eliona alimtakia safari njema, akanituma nimshonee mfuko wa kitambaa kizito wa kubebea sanduku, wenye mto ndani, ili akirudi aupate kama zawadi.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, Denis wa stoo ya mbolea alileta amplifaya yake. Wakati Eliona anafungua skrubu, Denis akatoa simu.

“Fundi, umemwona huyu mzee wa Kibosho? Yuko kwenye maonyesho ya wabunifu Arusha. Kila mtu anaituma hii video. Kajitengenezea kinanda kwa vitufe vya bonanza!”

Eliona akaniita nikaone, akitabasamu. Alidhani atatajwa jina.

Mwalimu Basili alikuwa amesimama nyuma ya meza yenye kitambaa cha buluu. Sanduku liko mbele yake. Msichana mwenye maikrofoni akamuuliza, “Kwa hiyo mzee, hiki umekibuni na kukitengeneza wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe,” alisema. “Kwa mkono huu huu mnaouona mbele yenu.”

Watu wakapiga makofi. Akaendelea. Akaeleza noti iliyolia mara mbili. Akaeleza kibati kinachodunda. Akasema kuhusu daiodi, akilitamka neno hilo kama Eliona anavyolitamka, kwa kuvuta ile i ya mwisho. Akainua daftari kuonyesha mchoro. Lilikuwa lile lile, ila jalada limechanwa. Na kisha, msichana alipouliza vitufe alivipata wapi, mwalimu akacheka, akasimulia alivyokwenda Kahe kwenye baa iliyofungwa, na jinsi jogoo mmoja alivyokataa kushuka.

Hapo ndipo Eliona alipoweka bisibisi chini.

“Hata jogoo,” alisema.

Denis hakuelewa. Alirudisha simu mfukoni, akauliza amplifaya itakuwa tayari lini. Eliona alimjibu vizuri kabisa, kesho mchana. Mimi nilirudi upande wangu. Kupitia mbao sikusikia kilio wala kitu kuanguka. Nilisikia redio ikizimwa.

Jumamosi alipanda Kibosho. Ile barabara ukiipanda kwa pikipiki wakati wa kiangazi unafika umekuwa mwekundu mpaka kope. Juliana alimpokea kwa furaha, akampa maji ya kunawa, akampakulia mtori wa ndizi. Kwa jinsi alivyokuwa akimshukuru kwa mara nyingine tena kwa kumrudishia mumewe muziki, Eliona aliona kwamba mama huyu hajaona video. Mwalimu alitoka zizini. Alipomwona mgeni, mkono wa kulia ulirudi mfukoni.

Walitoka wakasimama kwenye migomba.

“Hospitali walisemaje?” Eliona alimuuliza.

Mwalimu alishika jani kavu la mgomba, akalivuta.

“Nakuuliza, mwalimu. Mkono wanasemaje?”

“Dada, nilitaka kukwambia.”

“Kabla ya kuchana jalada au baada?”

Alikaa kwenye mzizi wa mti, mtu mzima yule. Akasema hakupanga. Jalada alichana kwa sababu lilikuwa chafu. Kwamba alidanganya habari za hospitali kwa kuwa aliogopa Eliona atataka kwenda naye, na meza ilikuwa ya mtu mmoja. Yule msichana alipouliza swali lake, neno lilitoka, na likishatoka halirudi.

“Wewe hujui,” alisema. “Tangu nikatike, watu wananiangalia kama mtoto aliyeanguka. Padri ananiangalia hivyo. Wanakwaya wananishikia mlango. Siku ile pale Arusha waliniangalia kama mtu. Mara ya kwanza, dada.”

“Mara ya kwanza?”

“Mara ya kwanza.”

“Na mimi nilikuangaliaje, mwalimu? Ule mwezi wa sita, ulipoutoa mkono wako pale dukani?”

Eliona aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko video. Kwamba aliuliza swali lile, na mwalimu akatafuta jibu usoni kwake kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau mahali, asikione.

Mwishowe mwalimu aliahidi. Jumapili, baada ya matangazo, angesimama mbele ya waumini wote aseme ukweli. Eliona aliporudi aliniuliza nionavyo. Mimi nilimwambia aache yaishe, mzee atasema, ugomvi wa kanisani hauna maana, tena kanisa lenyewe si letu. Nilisema hivyo. Mpaka leo natamani ningenyamaza.

Eliona alikwenda misa ya kwanza, amevaa gauni nililomshonea Krismasi, akakaa benchi la tatu. Mwalimu alipiga vizuri. Eliona alisema hivyo mwenyewe bila kinyongo, kwamba alipiga vizuri kuliko siku zote. Baada ya matangazo akasimama, akashika maikrofoni.

“Napenda pia kumtambua dada mmoja kutoka Pasua,” alisema, “aliyenisaidia kuchomea baadhi ya nyaya. Yuko nasi leo. Tumpigie makofi.”

Wakampigia. Wamama wa pembeni wakamshika bega. Mwalimu akamtazama kutoka kule mbele, akatabasamu na kutikisa kichwa, kama mtu aliyemaliza kazi nzito.

Watu walipotoka, Eliona alibaki. Sanduku lilikuwa pale karibu na kinanda, halina mtu. Alilisogelea. Skrubu zote nane alizifunga yeye, alijua ipi uzi wake umelika na inataka kusukumwa kidogo ndipo igeuke. Bisibisi ilikuwa kwenye pochi, haikosekani. Angetaka, angelibeba lote, na nani angemzuia? Aliweka mkono juu ya kitufe chekundu cha kwanza bila kukibonyeza.

“Nikilichukua,” aliniambia baadaye, “nakuwa nimemkata mkono mara ya pili. Hilo ndilo lililoniudhi. Kwamba ameniibia kitu ambacho siwezi kukidai.”

Akatoka. Hakumuaga mtu.

Miezi miwili ilipita. Mwalimu hakuja Jumanne, hakuja Ijumaa. Ule mfuko niliokuwa nimeushona niliutoa mto wake, nikaufanya mkoba wa nepi wa mteja mwingine. Eliona ndiye aliyeniambia niufanyie chochote. Kisha, mwezi wa kumi na moja, mwalimu akaonekana tena, na mkungu wa ndizi na galoni ya maziwa, anasalimia tangu barabarani kama zamani.

“Shikamoo,” Eliona alisema bila kunyanyua macho.

“Marahaba, dada. Nimekuja na jambo la heri.”

Jambo lenyewe: mwalimu mmoja wa kitengo cha watoto wenye ulemavu katika shule moja hapa mjini, anaitwa Dainess Temu, alikuwa ameiona video. Wako watoto wanaopenda muziki na mikono yao haiwatii. Alikuwa amemwomba mwalimu Basili amtengenezee sanduku kama lake, na mwalimu Basili alikuwa amekubali.

“Tengeneza, dada,” alisema. “Ni watoto. Nitalipeleka mimi.”

Nyuma ya ukuta niliacha kukanyaga cherehani.

“Utalipeleka wewe,” Eliona alisema.

“Ili tusiwachanganye watu.”

“Na likiharibika?”

“Nitakuletea.”

Eliona alinyanyuka, akabeba ule mkungu, akaurudisha kwenye bodaboda iliyokuwa ikisubiri. Akarudi akachukua galoni, nayo akaifunga kwa mpira vizuri isije ikamwagika njiani. “Msalimie mama Juliana,” alisema. Mwalimu akapanda.

Kesho yake Eliona alifunga kibanda mapema, akaenda shuleni kwa miguu. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na vitufe vinne vipya alivyoviagiza, bodi, nyaya na chuma cha kuchomea. Mwalimu Dainess alimpokea kwa adabu, lakini alishangaa.

“Lakini hiki kitu si cha mwalimu Basili? Yeye ndiye aliyeahidi.”

“Nimesikia,” Eliona alisema. “Una soketi ya umeme hapa?”

Hakusema neno baya juu ya mtu. Alikaa kwenye meza ya ofisi ya walimu, akachomea vitufe vinne kimoja kimoja, akaunganisha bodi, akaandika programu kwenye kompyuta ya shule huku Dainess amesimama nyuma yake. Ilichukua muda kidogo zaidi ya saa moja. Kisha akamwambia abonyeze. Dainess akabonyeza, noti ikatoka. Akabonyeza vyote vinne. Akavuta kiti, akakaa.

“Ni wewe,” alisema.

Eliona alikuwa anapuliza chuma kipoe.

“Kwa nini hukusema, dada? Watu wote wanajua ni yule mzee.”

“Nilisemewa,” Eliona alijibu. “Leo nimekuja mwenyewe.”

Mpaka sasa ameshatengeneza matatu kwa ajili ya kitengo kile, kila moja tofauti, maana kila mtoto ana namna yake ya kugonga. Dainess anamjua. Wazazi kadhaa wanamjua. Video ya Arusha bado inazunguka, na mwezi uliopita mteja mmoja alisimama hapa hapa dukani kwake akamsimulia habari za mzee wa Kibosho na jogoo. Eliona alisikiliza mpaka mwisho, akampa redio yake.

Wiki iliyopita Juliana alikuja, amebeba sanduku la mumewe limefungwa kanga. Alikuwa amekwisha kujua. Nani alimwambia, sikuuliza. Bodaboda ilisimama mbali, ng’ambo ya barabara, na nyuma ya dereva alikaa mtu mwenye koti, ametazama upande wa soko.

“Mwanangu,” Juliana alisema, na macho yakamjaa machozi. “Sijui nianzie wapi.”

“Anza na tatizo, mama. Linafanyaje?”

“Kimoja hakilii.”

Eliona alifungua skrubu nane, akakuta waya umelegea kwenye kitufe cha tatu, akauchomea. Akajaribu vyote ishirini na vinne kimoja baada ya kingine, na kanyagio, akafunga. Juliana alikaa kwenye stuli muda wote, mikono mapajani.

“Nimwambie nini?” aliuliza mwishoni.

“Mwambie asilibebe kwa kushika nyaya.”

“Hilo tu?”

“Hilo tu, mama.”

Akamsindikiza mpaka ukingo wa barabara, akamshikia sanduku alipokuwa anapanda nyuma ya yule mtu, akamkabidhi mapajani mwake. Kisha akaja upande wangu, akauliza kama nimeshakula.